Sufu, sufi na Sufi: neno la kondoo lililopanda mtini na kuingia msikitini

Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana mno kwa sauti. La kwanza ni sufu, lile la blanketi na sweta. La pili ni sufi, lile la mto wa kulalia na magodoro ya zamani. La tatu ni Sufi, mtu wa tarika (jumuiya ya kidini ya Kiislamu) na dhikri (kumtaja Mungu kwa kurudiarudia). Kila yanapotajwa kwenye mazungumzo, maswali ni yale yale. Je, sufu na sufi ni neno moja lililoandikwa kwa namna mbili? Je, Masufi walipewa jina la mti? Na kwa nini Biblia ya Kiswahili inasema "sufu" huku tafsiri ya Qurani ikisema "sufi", ilhali zote mbili zinamzungumzia kondoo? Majibu yanayotolewa huwa na ukweli kidogo uliochanganyika na dhana nyingi, na baadhi ya dhana hizo zinatupotosha hata katika kuelewa maandiko matakatifu.

Tuanze na maana za leo. Sufu ni manyoya ya kondoo yaliyokatwa, pamoja na uzi na kitambaa kinachotokana nayo. Sufi, ambayo wengine huiita usufi, ni nyuzi nyepesi zinazotoka ndani ya matunda ya mti uitwao msufi. Ni kitu cha mmea, mnyama hahusiki nacho hata kidogo. Sufi kwa herufi kubwa ni Mwislamu anayefuata njia ya kuitakasa nafsi na kumkaribia Mungu kwa dhikri, ibada na kuipa dunia kisogo, na njia yenyewe huitwa Usufi. Vitu hivi ni vitatu na havifanani. Lakini majina yao yametoka mahali pamoja, nako ni mgongoni mwa kondoo.

Manyoya, nywele na sufu

Kiswahili ni tajiri wa maneno ya nywele. Nywele ni za kichwa cha mtu. Malaika ni vile vinywele laini vya mwilini, neno lisilo na uhusiano na malaika wa mbinguni ingawa hutamkwa vivyo hivyo. Singa ni nywele laini zilizonyooka. Manyoya ni ya ndege na ya wanyama: kuku ana manyoya, paka ana manyoya, na kondoo vilevile. Kwa hiyo anayesema "manyoya ya kondoo" hajakosea.

Sufu hupata jina lake pale manyoya yanapotoka mwilini mwa mnyama na kuwa bidhaa. Mgawanyo huu unaonekana vizuri katika kitabu cha Isaya. Kondoo anaponyamaza mbele ya wanaomkata, Biblia ya Kiswahili inasema wanakata manyoya yake. Lakini Mungu anapoahidi kusafisha dhambi zilizo nyekundu, anasema zitakuwa kama sufu. Mnyama ni yule yule na kitu ni kile kile, ila kimeshatoka mgongoni na kusafishwa, kikawa tayari kusokotwa.

Si kila kondoo mwenye manyoya ana sufu, na hapa ndipo palipo ufunguo wa habari nzima. Kondoo wa porini ana tabaka mbili mwilini: nywele ngumu kwa nje, na chini yake manyoya mafupi laini ya kumkinga na baridi. Binadamu walianza kufuga kondoo kusini magharibi mwa Asia miaka ipatayo 10,000 iliyopita, na kwa muda mrefu walimtaka kwa nyama na ngozi. Kondoo wa sufu ndefu alipatikana baada ya maelfu ya miaka, wafugaji wakichagua kizazi baada ya kizazi wale ambao tabaka lao laini lilikuwa limeshinda nywele. Sufu, basi, ni kazi ya mikono ya wafugaji sawasawa na mkate ulivyo kazi ya wakulima wa ngano.

Sufu hutengenezwa na keratini, protini ile ile iliyomo katika nywele na kucha zetu. Kila unyuzi umejikunjakunja, na katika mikunjo hiyo hewa hunaswa, ndiyo sababu sufu hutia joto. Juu ya unyuzi kuna magamba madogo sana yaliyolaliana. Magamba hayo hufanya nyuzi zishikane zinaposokotwa, na hayo hayo ndiyo yanayoiharibu sweta ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua: yanakabana, nguo inasinyaa, na hairudi tena ilivyokuwa. Sufu pia hufyonza unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa imelowa.

Sasa watazame kondoo wa asili wa Afrika Mashariki. Kondoo mwekundu wa Kimaasai ana nywele fupi. Kondoo wa Kisomali mwenye kichwa cheusi na matako ya mafuta, naye ana nywele fupi. Hawa ni kondoo wa nchi za joto, na sufu ingewatesa. Kondoo wa sufu waliletwa na walowezi katika nyanda za juu za Kenya wakati wa ukoloni, wakiwamo Merino na Corriedale. Huyu wa pili bado anajulikana sana katika maeneo ya Molo. Kabla ya hapo, Mswahili wa pwani aliishi na kondoo kila siku, akamchinja, akala nyama yake, na bado asiwe na sufu nyumbani mwake ila ile iliyoshushwa kutoka jahazini.

Neno lilivyoshuka pwani

Kiarabu kina neno suf, lenye herufi ya swadi mwanzoni na irabu ndefu katikati, na maana yake ni sufu ya kondoo. Waarabu, watu wa mifugo, hawakuridhika na neno moja. Ya kondoo waliita suf, ya ngamia wabar, na ya mbuzi shaar. Majina hayo matatu yanatajwa yote, kwa wingi, katika aya ya 80 ya Sura An-Nahl, Mungu anapowakumbusha watu vifaa vya nyumbani wanavyovipata kwa wanyama. Ndiyo mara pekee neno suf linatokea katika Qurani.

Kati ya hayo matatu, Kiswahili kilichukua suf kikawaacha wenzake. Naona sababu ni nyepesi: neno lilisafiri pamoja na bidhaa. Kilichofika bandarini kilikuwa kitambaa cha sufu, si manyoya ya ngamia. Kwa wabar na shaar tulikuwa tayari na manyoya na singa. Watafsiri wa Injili walipofika kwa Yohana Mbatizaji na vazi lake la manyoya ya ngamia, hawakwenda kuazima kokote; waliandika "singa za ngamia".

Biashara hiyo hiyo ilituachia maneno mengine yenye sufu ndani yake ambayo leo hatuyatambui. Joho ni mojawapo. Asili yake ni jukh, jina la kitambaa kizito cha sufu, na kamusi za zamani za Kiswahili zinalieleza joho kwanza kuwa ni kitambaa, kisha kuwa ni vazi refu lililo wazi mbele ambalo waungwana walilivaa juu ya kanzu. Kitambaa kilisahaulika, vazi likabaki na jina. Mwanafunzi anayevaa joho siku ya mahafali, hata likiwa la nailoni tupu, amevaa neno la sufu. Bushuti nalo ni vivyo hivyo: ni vazi la sufu la namna ya joho, na jina lake ni ndugu wa bisht, lile joho linalovaliwa mpaka leo na wakubwa wa nchi za Ghuba.

Suf ilipoingia kinywani mwa Mswahili ilikutana na sheria ya zamani ya lugha yetu: neno halipendi kuishia kwa konsonanti. Lazima irabu iongezwe. Ipi? Konsonanti ya mwisho ikiwa ya midomo, kama f, b au m, mara nyingi huja u. Alf ikawa elfu, saff ikawa safu, khauf ikawa hofu, waqf ikawa wakfu, kitab ikawa kitabu, ilm ikawa elimu. Kwa njia hiyo suf ikawa sufu. Lakini ndimi hazikupatana kila mara. Yapo maneno yenye f yaliyochukua i, mfano herufi na sarufi, na neno letu likatamkwa pia sufi. Maumbo yote mawili yalitumika kwa sufu ya kondoo, na bado yanatumika. Anayekuambia kwamba "sufi ya kondoo" ni kosa tupu anakurupuka.

Jinsi lilivyopanda mtini

Sasa tumefika kwenye msufi. Ni mti mkubwa wa nchi za joto, shina lake mara nyingi lina miiba minene, na katika misitu ya mvua huweza kupita mita 60 kwa urefu. Matunda yake yakikomaa hupasuka na kumwaga nyuzi za rangi ya maziwa, nyepesi kiasi kwamba upepo mdogo huzisambaza uwanja mzima. Mswahili aliyekuwa akiijua sufu kwa kuiona kwenye nguo za wageni, na ambaye kondoo wake hawakuwa nayo, aliuona mti unaotoa kitu cheupe, laini, cha kutia joto. Akakiita sufi. Mti unaotoa sufi ukawa msufi, kama ule wa maembe ulivyo mwembe na wa nazi mnazi.

Neno la ughaibuni likifika mahali ambapo kitu chake hakipo, hutafuta kitu cha kukalia. Si sufu peke yake. Kattan ni neno la Kiarabu la kitani, mmea wa nchi za baridi kiasi ambao pwani yetu haukulimwa. Sisi tukapata kitani kwa kitambaa, na katani kwa nyuzi za mkonge. Mkonge wenyewe ni mgeni kutoka Mexico, hauna ujamaa wowote na mmea wa kitani, lakini nyuzi zake zilihitaji jina na jina lilikuwapo.

Kufanana kwa sufu na sufi kunaishia machoni. Sufi ya msufi ni unyuzi wa mmea, wenye uwazi ndani na nta juu. Kwa sababu ya nta hiyo hukataa maji, na kwa sababu ya hewa iliyomo ndani huelea. Ndiyo maana kwa miongo mingi ilijazwa kwenye makoti ya kuokolea watu majini, kabla ya vifaa vya plastiki kuchukua nafasi yake. Sufu ya kondoo hufanya kinyume: huyavuta maji na kuyahifadhi. Sufi ni fupi na inateleza, kuisokota uzi peke yake ni taabu kubwa, kwa hiyo kazi yake ni kujaza mito na magodoro, ambamo baada ya miaka hukatikakatika na kugeuka vumbi. Sufu husokotwa, hufumwa na kurithishwa. Hata waharibifu wao si wamoja. Mabuu ya nondo wa nguo huila sufu kwa kuwa wana uwezo wa kumeng'enya keratini, uwezo ambao wadudu wachache wanao. Godoro la sufi hawana haja nalo.

Maandiko yanaposomwa kwa jicho la godoro

Wale waliotafsiri Biblia walishika umbo la sufu, na tafsiri ya Qurani inayosomwa sana kwa Kiswahili ikashika sufi. Zote ni sahihi kwa lugha. Tatizo linampata msomaji wa leo, ambaye kwake sufi ni ile ya msufi tu.

Chukua Sura Al-Qaria, aya ya 5, inayosema kwamba siku ya Kiyama milima itakuwa kama sufi zilizochambuliwa. Msomaji anaona mbele yake godoro lililotoboka na nyuzi nyeupe zikipeperuka. Picha hiyo si mbaya, kwa kuwa wepesi na kutawanyika ndivyo vinavyokusudiwa. Lakini Kiarabu hapo hakikutumia hata suf. Kimetumia ihn, ambayo ni sufu, na wafasiri wengi wameieleza kuwa ni sufu iliyotiwa rangi. Wamefafanua kwamba milima yenyewe ina rangi mbalimbali, mingine mieupe, mingine myekundu, mingine myeusi, kama Qurani inavyosema kwingine. Ikivurugwa yote kwa pamoja itafanana na sufu za rangi nyingi zilizochambuliwa na kurushwa hewani. Mtu anayefikiria msufi anaona weupe mtupu, na rangi zote za milima zinampotea. Mwalimu wa madrasa akitumia dakika moja kueleza kwamba sufi hii ni ya kondoo, tena ya rangi, aya inafunguka.

Upande wa Biblia hatari ni ndogo kidogo, maana "sufu" haina mti. Hata hivyo katazo la Kumbukumbu la Torati la kuvaa nguo iliyochanganywa sufu na kitani halieleweki kwa anayedhani sufu ni aina ya pamba. Katazo linahusu kuchanganya kitu cha mnyama na kitu cha mmea katika vazi moja, na Wayahudi wanaoshika sheria hulifuata mpaka leo. Pamba na sufu kwao hazina tatizo; ni sufu na kitani tu.

Sufi wa msikitini

Basi Masufi wameingiaje katika habari hii? Dhana ya kwamba walilalia magodoro ya sufi haina msingi. Msufi hauhusiki kabisa. Jina lao lilizaliwa katika nchi za Waarabu, na Kiswahili kililipokea likiwa tayari limekamilika.

Maoni yanayotajwa ni manne au matano, na inafaa kuyapitia kwa utulivu kwa sababu kila moja lina watu wanaolishikilia kwa dhati. Wa kwanza wanasema Sufi limetokana na safaa, yaani usafi, kwa kuwa Masufi husafisha nyoyo. Wa pili wanasema limetokana na saff, safu, kwa kuwa wako safu ya mbele mbele ya Mungu. Wa tatu wanalihusisha na Ahlu-Suffa, masahaba mafukara waliokaa kwenye baraza ya msikiti wa Mtume mjini Madina. Wa nne, akiwamo mwanachuoni mkubwa Al-Biruni wa karne ya 11, wanalipeleka kwa Wagiriki, kwenye neno la hekima ambalo limo pia ndani ya falsafa. Wa tano wanasema ni suf, sufu ya kondoo, kwa kuwa watu hao walivaa nguo za sufu.

Maoni matatu ya kwanza ni mazuri kwa maana, na ndiyo yanayopendwa mimbarini. Kikwazo chao ni sarufi. Kiarabu kinapotaka kumhusisha mtu na kitu, huongeza i mwishoni mwa jina la kitu hicho: mtu wa Barawa ni Barawi, wa Misri ni Misri kwa i ndefu. Ukitoka kwenye saff utapata saffi. Ukitoka kwenye suffa utapata suffi, yenye f mbili na irabu fupi. Ukitoka kwenye safaa utapata safai au safawi. Hakuna hata moja inayokupa sufi yenye u ndefu na f moja. Ukitoka kwenye suf, unaongeza i na umefika: sufi, mtu wa sufu.

Hoja ya Kigiriki nayo ilijibiwa mwaka 1894 na Theodor Nöldeke, Mjerumani aliyebobea katika lugha za Kisemiti. Alionyesha kwamba sauti ya s ya Kigiriki ikiingia katika Kiarabu kwa kawaida huandikwa kwa herufi ya sini, s nyepesi, kama ilivyo katika falsafa. Sufi linaandikwa kwa swadi. Tangu hapo wataalamu wengi wamekubali suf.

Si kwamba Waislamu wenyewe walingoja Mjerumani. Al-Qushayri wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1072 na ambaye mwenyewe alikuwa Sufi, aliyapima maoni haya moja moja. Ya safaa, saff na suffa aliyaona hayaendani na kanuni za lugha. Ya suf aliona yanawezekana kilugha, kwa kuwa Waarabu husema tasawwafa kwa maana ya kuvaa sufu, lakini akasita kwa sababu Masufi wa zama zake hawakuwa wakijitambulisha kwa kuvaa sufu. Mwisho akaona ni bora kulichukua kama lakabu tu. Baada yake Ibn Khaldun, aliyeishi kati ya 1332 na 1406, aliegemea upande wa sufu, akieleza kwamba watu hao walivaa sufu kujitenga na waliokuwa wakishindana kwa nguo za fahari.

Hoja ya Ibn Khaldun inadai tuibadilishe picha ya sufu kichwani mwetu. Leo nguo ya sufu safi ni ghali, na koti la Merino ni la wenye nafasi. Katika Iraki na Shamu (Siria na jirani zake) ya karne ya 8 mambo yalikuwa kinyume. Wakubwa walivaa hariri na vitambaa laini, na sufu iliyosokotwa kwa mkono, ngumu, ya kuwasha, ilikuwa nguo ya mchungaji, mtumwa na fukara. Watawa wa Kikristo wa Shamu waliivaa kwa toba. Waislamu waliotaka kuiacha dunia waliivaa pia, wakiwakumbuka manabii ambao masimulizi yanawataja wakiwa ndani ya sufu. Abu Hashim wa mji wa Kufa huko Iraki, mtu wa karne hiyo ya 8, hutajwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuitwa kwa jina la Sufi. Na hawakusifiwa na wote. Inasimuliwa kwamba Ibn Sirin wa Basra, mwanachuoni aliyefariki karibu na mwaka 728, aliwalaumu waliovaa sufu kwa kumwiga Isa mwana wa Mariamu, akasema mwenendo wa Mtume wetu, aliyevaa pamba, unapendeza zaidi kufuatwa. Tangu mwanzo, basi, ule mwasho wa sufu ulibishaniwa: huyu aliona unyenyekevu, yule akaona kujionyesha.

Pwani ya Afrika Mashariki watu hawa tunao kwa muda mrefu, ila jina la Sufi halikuwa la kila siku. Mtu alijulikana kwa tarika yake. Wafuasi wa Kadiria, tarika iliyoenezwa sana na Sheikh Uways wa Barawa (1847–1909), waliitwa watu wa Kadiria. Vivyo hivyo wa Shadhili na wa Alawi. Ndiyo maana neno Sufi linapotokea kwenye habari, masikio mengi hulisikia kama neno geni na kulitafutia makao kwenye sufi wanayoijua, ile ya godoro.

Ndugu wa uongo

Ukishajua kwamba sufu, sufi na Sufi ni wa ukoo mmoja, unavutwa kuwaingiza na wengine. Safi si wa ukoo huu. Safu si wa ukoo huu. Sofa, kiti cha sebuleni, kina asili ya Kiarabu kweli, lakini kimetoka kwenye suffa, ile baraza, na kimetufikia kwa kuzunguka Uturuki na Ulaya. Nimeshasikia ikidaiwa kwa uhakika kabisa kwamba sufuria inahusiana na sufu. Hapana, sufuria imetoka kwenye sufr, shaba ya manjano, kwa kuwa vyombo vya kupikia vya zamani vilikuwa vya shaba.

Kiswahili chenyewe kimejitengenezea njia ya kutofautisha yale yanayofanana, nayo ni ngeli. Msufi umeanguka: ni mti. Msufi ameanguka: ni mtu. Kwa wingi hakuna tena utata, misufi ni miti, Wasufi au Masufi ni watu. Sufi hii ni ya mto. Sufi huyu ni mcha Mungu. Pagumu ni usufi, maana unyuzi wa msufi na njia ya Masufi vyote vinakubali "usufi huu". Hapo herufi kubwa ina kazi, na mwandishi makini atasema "sufi" kwa unyuzi ili Usufi ubaki na maana moja. Mimi ningeshauri zaidi ya hapo: tuandike sufu kwa ya kondoo, sufi kwa ya mti. Si kwa sababu mazoea ya wazee yana makosa, ila kwa sababu msomaji wa leo hana tena kitambaa cha kumkumbusha tofauti.

Sufu isiyo na kondoo

Kwa kweli neno limekwishahama tena. Nyuzi nyingi za kufumia zinazoitwa sufu zimetengenezwa kwa akriliki, plastiki inayotokana na mafuta ya petroli. Kinachoitwa "blanketi la sufu" huweza kuwa poliesta tupu. Kama msufi ulivyopewa jina kwa kuwa sufi yake inafanana na sufu, ndivyo plastiki inavyolichukua. Tofauti ni kwamba jina la msufi halikumdanganya mnunuzi, na hili humdanganya.

Akriliki ina faida zake: ni nafuu, inafulika kwa urahisi, na nondo haili. Lakini inapolowa haikutii joto kama sufu, na ikishika moto huyeyuka na kunata kwenye ngozi, jambo la kuzingatia unapomfunika mtoto karibu na jiko. Wengine hukimbilia akriliki wakisema wana mzio wa sufu kwa kuwa inawawasha. Mara nyingi si mzio. Ni ncha za nyuzi nene zinazochoma ngozi. Sufu ya Merino, ambayo unene wa nyuzi zake kwa kawaida huwa chini ya maikroni 24 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), haiwashi wengi. Zikipita maikroni 30 karibu kila mtu atajikuna.

Kujua ulicho nacho, chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya sinki, uziguse kwa moto. Sufu ya kondoo hushika moto kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, hujizima ukiuondoa moto, na kuacha majivu meusi yanayopondeka kwa vidole. Akriliki huwaka haraka huku ikiyeyuka, na huacha kidonge kigumu kisichopondeka. Pamba na sufi ya msufi huwaka kama karatasi, hunuka karatasi, na majivu yake hupeperuka. Uzi ukitoa harufu ya nywele na bado ukaacha vidonge vigumu, umechanganywa, na hapo angalia kama lebo imeandika asilimia ngapi ni sufu.